Picha ya Dirishani

Wapo watu ambao mji huwajua kwa sura na haujawahi kusikia sauti zao. Bi Simu alikuwa kinyume chao. Miaka yote aliyofanya kazi katika chumba cha kuunganishia simu, ghorofa ya pili ya jengo la posta, hapakuwa na mtu asiyemjua, na wachache mno waliowahi kumwona. Ukinyanyua simu ulisikia, "Nambari, tafadhali," sauti imenyooka kama shati lililotoka kupigwa pasi, nawe ukajikuta unaongea kwa adabu hata kama ulikuwa umekusudia kumtukana mtu. Walisema habari ya msiba ikipitia kwa Bi Simu ilifika imevaa viatu.

Mumewe alikuwa fundi saa. Aliwaambia marafiki zake kwamba yeye aliposa kwa sikio, macho yakafuata baadaye, na macho hayakujuta. Walijenga nyumba ya vyumba vitatu, cha mbele kikawa karakana yake, na humo walilea watoto wawili: wa kwanza mvulana, ambaye sasa ni mkuu wa shule ya sekondari na hata nyumbani huitwa Mkuu, wa pili msichana, mwenye saluni ya nywele karibu na soko.

Kazi ya simu ilimfundisha Bi Simu kusikia yote na kutosema lolote. Alisikia ndoa zikivunjika na watu wazima wakilia kama watoto, akatoka jioni akaenda zake nyumbani mdomo umefungwa. Kwa tabia hiyo hiyo aliilinda nyumba yake. Mume alipougua, majirani walijua siku alipozikwa. Yeye mwenyewe alipougua msimu wa mvua, akalala wiki nzima hana nguvu ya kuinua ndoo, watoto hawakujua kabisa. Walipopiga simu kumsalimia alijibu kwa sauti ile ile ya pasi, "Mzima wa afya, mwanangu. Nyie je?"

Basi wakaamini. Nani asingeamini sauti ile?

Kwenye kona ya barabara ya soko palikuwa na duka la picha. Mzee aliyelianzisha, Mungu amrehemu, alikuwa na desturi yake. Akishapiga picha ulizolipia, alikuambia, "Na moja ya dirisha." Hiyo hukuilipia, na hukupewa. Aliisafisha kwa gharama yake, na ikimpendeza aliiweka kwenye dirisha la kioo linalotazama barabara, watu wapite waone. Hakuna aliyekataa. Kuwekwa dirishani pale ilikuwa heshima kuliko kusomwa jina kanisani au msikitini. Wanawake walinuniana kwa sababu ya dirisha lile. Kuna mmoja aliacha kumsalimia dada yake mwaka mzima kwa kuwa dada aliwekwa dirishani na yeye hakuwekwa. Bi Simu na mumewe, siku za uchanga wa ndoa yao, walikaa humo mpaka jua likawageuza rangi ya chai ya maziwa.

Na ukutani, juu ya pazia la kupigia picha, mzee aliandika kwa rangi nyekundu: PICHA YA DIRISHA NI YA DUKA. Watu waliyasoma maneno hayo kama wanavyosoma "Karibu Mteja," yaani macho yalipita na akili ilibaki nje.

Bi Simu alipotimiza miaka sabini, watoto wakasema lazima ipigwe picha ya familia, tena si ya simu, picha ya kweli, dukani. Walijitahidi, asiwadhulumu mtu. Binti alimsuka mama yake tangu asubuhi, akamvisha hereni za dhahabu alizomnunulia kwa faida ya kwanza ya saluni. Mkuu alivaa suti ya mahafali. Mkwe, mke wa Mkuu, alikuja na wajukuu wamevishwa nguo za sare mpaka soksi. Duka sasa lilikuwa mikononi mwa mtoto wa yule mzee. Watu walimwita Kijana wa Kona, ingawa ndevu zake zilikuwa zimeanza mvi. Aliwapanga, akawapangua, akamwambia Mkuu atabasamu.

"Ndiyo natabasamu hivi," Mkuu akajibu.

"Hilo ni tabasamu lake," Binti akasema. "Mwenzangu tangu apewe cheo, meno ameyafungia ofisini."

Wakacheka wote, na picha ikatoka ya kicheko. Ni picha nzuri mpaka leo.

Zilipokwisha kupigwa zile za kulipia, wajukuu walikuwa wameanza kupigana, wakatolewa nje kwenye gari, na wakubwa wakatoka nao. Bi Simu alibaki kidogo. Viatu vipya vilikuwa vimembana akavivua. Mtandio ulikuwa umeteremka mabegani. Na jino la nyuma, lililokuwa likimpiga tangu alfajiri na ambalo hakulisema asije akawaharibia watu siku yao, sasa lilipata nafasi likaja na nguvu zote. Akakaa kwenye kigoda, miguu mitupu, kiganja shavuni.

Marehemu mama yake alikuwa akimchapa mkono alipokuwa mdogo: "Teremsha! Mtoto hashiki tama, anaita msiba." Tangu hapo hakuwahi kuonekana hivyo mbele ya mtu.

"Na moja ya dirisha, mama?" Kijana wa Kona akauliza kutoka nyuma ya kamera.

Swali lile lilimrudisha nyuma, kwenye ujana wake, kwa mumewe aliyesimama na saa ya mfukoni kifuani. Akasikia raha moyoni. Hata mkono hakuuteremsha.

"Piga, mwanangu," akasema. "Piga tu."

*

Jirani yake wa ukuta kwa ukuta alikuwa muuza mkaa, mwanamke wa maneno machache na mizani isiyopunja. Asubuhi moja akabisha mlango.

"Bi Simu, upo?"

"Nipo, karibu."

"Umekula?"

"Swali gani hilo tangu asubuhi?"

"Nauliza tu. Siku hizi mtu anaweza kulala njaa, na jirani ukutani asijue."

Bi Simu akamtazama. Muuza mkaa akatazama pembeni, akajikuna kiwiko, kisha akasema, "Vaa twende, shoga. Mimi siwezi kukueleza. Nitaharibu."

Wakaenda mpaka makutano ya barabara, mkabala na geti la shule ya Mkuu. Hapo lilikuwa limesimamishwa bango kubwa kama ukuta wa nyumba, na juu yake alikaa Bi Simu. Kiganja shavuni, mtandio mabegani, miguu mitupu. Pazia la maua la dukani lilikuwa limeondolewa, badala yake umewekwa ukuta wa udongo wenye nyufa. Miguu ilikuwa imepakwa vumbi. Masikioni hapakuwa na kitu. Hereni zilikuwa zimefutwa, hata vivuli vyake. Maandishi yalisema: ALIWAZAA. ALIWALEA. WAMEMTUPA. Na chini, kwa herufi ndogo, nambari ya simu ya kuchangia makao ya wazee.

"Ni mimi," Bi Simu akasema taratibu.

"Ni wewe," muuza mkaa akakubali. "Mguu tu ndio si wako. Wewe huna vumbi."

Vijana wa pikipiki waliokuwa wakisubiri abiria wakamtambua mara moja.

"Bibi! Si wewe huyu? Ah, watoto wako wana roho za chuma!"

"Watoto wangu hawana kosa," Bi Simu akasema.

"Mnamsikia mama?" mmoja akawaambia wenzake, sauti imelainika. "Wamemtupa na bado anawatetea. Mama ni mama, jamani!"

Akajaribu kueleza. Akasema ilikuwa siku ya sherehe, akasema jino, akasema hereni. Kadiri alivyoeleza ndivyo walivyozidi kumwonea huruma. Mwanamke aliyepita na kikapu cha mboga alisimama akasikiliza, akatikisa kichwa, akatoa nyanya mbili akamtia mkononi na kumfumba vidole juu yake. "Utapika hata kimchuzi, mama," akanong'ona, akaenda zake kabla hajarudishiwa.

Bi Simu akarudi nyumbani na nyanya za watu. Njia nzima hakujua azishike vipi. Kuzitupa ni dhambi, na kuzila ni kukiri.

Jioni Mkuu akapiga simu. Hakumwamkia.

"Mama, ulikubali kupigwa vile?"

"Ilikuwa ya dirisha, baba."

"Dirisha gani lililo mbele ya geti langu? Wanafunzi wanapiga miluzi nikipita. Leo mzazi mmoja amesimama kwenye kikao, mbele ya walimu, anasema asiyemtazama mamaye atatutazamia watoto? Nimekaa chini, mama. Mimi, nimekaa chini!"

Hapo ndipo Bi Simu alipofahamu ukubwa wa jambo. Yeye kudhaniwa maskini, hilo angelimeza. Lakini watoto wake, aliowalea kwa jasho la saa na simu, walikuwa wamebandikwa mbele ya ulimwengu kama wahuni wasio na mama. Akajifunga mtandio, akaenda kwenye duka la kona.

Kijana wa Kona alikuwa peke yake, anafuta vumbi kwenye fremu ambazo hazikuwa na picha. Alipomwona akasimama kwa heshima.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Sura iliyo kwenye bango ni ya nani?"

"Sura ni yako, mama, Mungu akuzidishie. Picha ndiyo yangu."

"Naomba unifundishe hapo. Sura yangu imeachana lini na picha yangu?"

Kijana hakuwa mjeuri. Akamnyooshea kidole maandishi ya ukutani, yale mekundu ya baba yake, na mkono wenyewe ulikuwa na aibu.

"Mume wangu alikuwa fundi saa," Bi Simu akasema. "Aliletewa saa za mji huu mzima. Nyingine wenyewe walikufa hawajazichukua. Hata moja hakuiuza."

"Saa walikuja nazo, mama. Picha hukuja nayo. Niliitengeneza mimi, kwa kamera yangu na taa yangu."

"Na jino langu."

"Jino gani?"

"Basi. Endelea."

Akaendelea. Akamweleza kuwa siku hizi kila mtu ana kamera mfukoni na dirishani hatazami mtu. Kampuni ya matangazo ilikuja ikatazama picha zote za dirisha, za kwake na za marehemu baba yake, ikazichukua kwa jumla kama mtu anavyonunua gunia bila kufungua. "Waliniambia ni za kalenda, mama. Haki ya Mungu. Nami nimeliona bango kama ulivyoliona wewe."

"Waambie walishushe."

"Watanisikiliza kwa lipi? Nimeshawauzia. Hata leo nikitaka kuirudisha dirishani, naambiwa niombe ruhusa kwao."

Bi Simu akatazama dirisha. Kweli lilikuwa tupu. Palibaki pini na alama za mstatili pale jua lisipofika.

"Wakishindwa kulishusha," akasema mwishowe, "waambie wanirudishie hereni. Alininunulia binti yangu. Wakiziweka zile, mtu mwenye akili ataelewa."

Kijana akainamisha kichwa. Walikuwa wawili pale dukani, mmoja alipiga picha na mwingine alipigwa, na hakuna kati yao aliyekuwa na picha.

Ilibaki ile nambari ya chini ya bango. Simu ndiyo iliyokuwa kazi yake, kwa hiyo hapo alijiamini. Akakaa wima, akasafisha koo, akapiga. Akapokea meneja wa makao ya wazee, mwanamume mpole.

"Mimi ndiye mwanamke wa kwenye bango lenu," Bi Simu akasema. "Naomba liondolewe. Sijatupwa. Nina nyumba yangu, nina watoto wawili wenye kazi zao na heshima zao."

Kisha meneja akasema kwa upole, "Samahani, nazungumza na nani? Wewe ni wakili wake?"

"Ni mimi mwenyewe."

"Mama, usinielewe vibaya. Sauti hii si ya yule mama."

Ile sauti iliyomlinda Bi Simu maisha yake yote ndiyo iliyomshuhudia kinyume. Akasema tena, akataja duka, siku, kigoda. Meneja, ni kweli, alikuwa mtu mwema; akasikiliza mpaka mwisho.

"Nikuamini, basi," akasema. "Lakini sisi tulinunua picha, mama yangu, hatukununua habari za mtu. Hatujakutaja jina popote. Na nikuambie ukweli: tangu bango lile lisimame, wazee hapa wamepata magodoro. Walikuwa wanalala juu ya maboksi. Nikilishusha leo, niwaambie nini?"

Nyuma yake, mbali kidogo, mzee mmoja alikuwa akikohoa. Kikohozi kirefu cha mtu asiye na wa kumpa maji. Bi Simu akakisikiliza. Alipokuwa bado anakisikiliza, meneja akamshukuru kwa mchango wake, akakata.

*

Jumapili wakakutana nyumbani kwake: Mkuu na mkewe, Binti, na mama yao katikati. Walikuja wamebeba hasira za njiani.

"Mimi ningekuwa jirani na mama kama wewe ulivyo," Mkuu alimwambia dada yake, "ningepita kila siku."

"Jirani? Saluni nasimama kutwa, nikitoka miguu imevimba kama mikate. Wewe mwenye gari mara ya mwisho umekuja lini?"

"Nilipiga simu."

"Simu! Mama si ofisi ya wizara."

"Wifi, punguza sauti," mkwe akasema, "ukuta una jirani."

"Tena wewe usinianze. Mlikuja kumpiga picha mkaondoka, hata chai hamkunywa."

"Kwani nyie mlikunywa?"

"Jamani," Bi Simu akasema. "Mimi sijasema mmenitupa."

"Hujasema, mama," Mkuu akamgeukia. "Uso ndio umesema. Kwa nini ulishika tama? Siku ya furaha, watoto wote wapo, unashika tama kwa nini?"

"Jino liliniuma."

"Jino!"

"Tangu alfajiri."

"Sasa mbona hukutuambia?"

"Ningewaharibia siku."

Binti aliyatazama masikio ya mama yake, ambaye yeye alimsuka asubuhi nzima siku ile, uso kwa uso, bila kugundua kuwa mtu anaumwa jino. Akatoa leso. Mkuu akasimama, akaenda kutazama nje ya mlango, kisha akarudi na lile alilojua kulifanya, yaani kupanga. Akasema wataenda kwa wakili.

Wakili alikuwa mtu mzima wa rika la Bi Simu. Aliposalimiwa tu, akaweka kalamu chini. "Nambari, tafadhali!" akasema, akacheka mpaka akafuta macho. "Ni wewe! Uliniunganisha na mke wangu tulipokuwa wachumba. Miaka yote hiyo nilidhani u mwanamke mrefu."

Baada ya hapo akawa wakili. Akaeleza kwamba kudai kunawezekana. Picha yaweza kuwa ya mpiga picha, lakini hakuna mwenye ruhusa ya kumvalisha mtu uongo. Mkuu akanyooka kitini kwa mara ya kwanza tangu bango lisimame.

"Lakini," wakili akasema. "Wenzetu wa upande wa pili watasema bango halina jina. Watasema ni uongo upi? Itabidi tuuthibitishe mahakamani, hadharani, kuwa mama hakutupwa."

"Hilo ni jepesi," Mkuu akasema.

"Ni jepesi. Tutaita mashahidi, nao wataita wao. Wataanza na jirani, kwa sababu jirani ndiye aonaye. Ataapishwa. Ataulizwa, huyu mama watoto wake hufika lini na lini? Akiugua, nani humchotea maji? Nani humpikia uji?"

Bi Simu akamwona muuza mkaa kizimbani. Mwanamke yule hakuwahi kupunja mizani hata kwa gramu, na hangeanza mbele ya hakimu. Angeulizwa msimu wa mvua nani alimchotea maji, naye angejibu kwa sauti yake ile fupi: "Mimi." Wiki nzima? "Wiki nzima." Na watoto? "Sikuwaona." Na ingekuwa kweli tupu, ingawa nusu yake ilikuwa imefichwa na Bi Simu mwenyewe. Nani angeeleza mahakamani kwamba watoto hawakuja kwa kuwa mama aliwadanganya yu mzima? Bango lilisema uongo. Kesi ingeligeuza kuwa hukumu, yenye muhuri.

"Tuache," akasema.

"Mama?"

"Nimesema tuache. Asante, wakili. Msalimie mkeo."

Nje, Mkuu akamshika mkono. "Mama, unaogopa nini na haki ni yetu?"

Kumwambia sababu ilikuwa kumwambia habari za wiki ile ya mvua, na kumwambia hizo ilikuwa kumpa mzigo atakaoubeba mpaka kaburini. Akasema amechoka. Mkuu akaona mama yake hataki kuwatetea. Hilo nalo Bi Simu akalimeza. Aliona usoni mwa mwanawe kwamba ndivyo alivyoelewa, na hakuwa na la kufanya.

Watu nao hawakulala. "Lisemwalo lipo," walisema kisimani na dukani, "kama halipo laja." Saluni ya Binti wateja walizidi, kwa kuwa kila mmoja alitaka kumwona msichana aliyemtupa mamaye, wakasukwa wakimtazama kwenye kioo. Akawa anafunga mapema. Njia ya kwa mama ilipita pale kwenye vijana wa pikipiki, waliomzomea, basi akaanza kuikwepa. Alipokuwa akija mara moja kwa wiki, sasa alituma salamu. Mkuu akipita na gari alipandisha vioo. Kwa mara ya kwanza tangu awazae, mwezi uliisha Bi Simu hajamwona mtoto wake hata mmoja, na bango likawa limesema kweli.

Ndipo Mkuu akaja na dawa.

"Utahamia kwangu," akasema.

"Kwako nitatembea. Kwangu ninaishi."

"Mama, sikiliza. Hakuna kesi, hakuna tangazo, hakuna maneno. Watu wakuone kwangu. Yaishe."

"Na nyumba?"

"Tutapangisha."

"Nyumba ya baba yako?"

"Mama," akasema, na sauti yake ikavunjika kidogo, kitu ambacho hakikuwahi kutokea tangu apewe cheo. "Unataka watu waseme ni kweli?"

Kwa swali hilo angeweza kumpeleka popote.

Wakamhamisha Jumapili, mchana kweupe, katika gari la wazi. Mkuu mwenyewe alipakia godoro, hakuita kibarua, ajulikane. Saa za marehemu ziliwekwa kwenye sanduku, zikawa zinagonga humo ndani kila moja kwa wakati wake. Muuza mkaa alisimama mlangoni mwake mikono myeusi, akasema, "Haya, shoga, umepata wa kukutunza," na Bi Simu hakuweza kujua ni kejeli au ni dua. Dereva alikuwa na njia fupi, lakini Mkuu akamwelekeza wapitie makutano, taratibu, mama akae mbele dirishani. Vijana wa pikipiki wakapiga makofi.

Kwa Mkuu hakukosa kitu. Apate nini tena mtu? Chumba kina mwanga, kitanda kipana, mkwe mwenye adabu anayegonga mlango. Ila alikatazwa kufagia. Alikatazwa kuosha hata kikombe chake. Siku moja alitoka kwenda dukani kununua sindano, akarudishwa na mjukuu mbio: "Bibi, baba anasema mtu akikuona umebeba mfuko itakuwaje?" Na kila walipokuja wageni, wakiwa wa bodi ya shule, wa wizara au wa mtaani, aliitwa. Palikuwa na kiti chake sebuleni kinachotazama mlango. Alikaa, akaletewa chai ya kwanza, akaulizwa afya mbele za watu, Mkuu akapiga picha na simu yake, akaituma anakojua.

Bango lenyewe halikukaa milele. Muuza mkaa ndiye aliyeleta habari, siku alipokuja kumjulia hali na kusubirishwa uani kwa sababu ya mikono yake.

"Wamelishusha, Bi Simu. Pale sasa pana sabuni."

"Lote?"

"Lote. Hata kipande hakuna. Watu wameshasahau, wanazungumzia sabuni."

Bi Simu hakulala usingizi wa kueleweka. Asubuhi alimngoja Mkuu mezani, amevaa, mkoba umefungwa.

"Baba, bango limeshuka. Nirudishe kwangu."

Mkuu akaweka kijiko. Hakukasirika, ingekuwa nafuu angekasirika.

"Mama yangu, nyumba ina wapangaji na watoto wao. Niwatoe wapi? Na hata wakitoka. Ukirudi kule peke yako sasa, baada ya haya yote, watu watasema tumekufukuza. Safari hii hawatahitaji bango."

Bi Simu akatafuta kosa katika maneno yale. Alikuwa amemsomesha mwenyewe, akamfundisha kufikiri sawasawa, na kweli alifikiri sawasawa. Hapakuwa na tundu la kupitishia hata sindano. Akafungua mkoba, akaanza kutoa nguo zake moja moja na kuzikunja upya juu ya mapaja.

Gari likalia nje. Mkwe akachungulia, akarudi mbio akifuta mikono.

"Mama, ni mwenyekiti wa bodi na mkewe. Njoo ukae."

"Nakuja."

"Acha nikushike."

"Natembea, mwanangu."

"Najua, mama. Lakini wanaona."

Akamwachia kiwiko. Wakaingia sebuleni polepole, kwa mwendo wa mgonjwa, na wageni wakasimama.

"Alaa! Huyu ndiye mama?" mwenyekiti akasema. "Mbona ananawiri! Mama, wanakutunza hawa, au tuwachape?"

Mkuu alikuwa amesimama nyuma ya kiti, mkono wake begani mwa mama yake. Mkono ulikuwa na joto, na ulikuwa ukitetemeka kidogo, kama wa mtoto anayesubiri kusomewa matokeo.

"Wananitunza," Bi Simu akasema. "Sina ninachokosa."

Na mkono ukatulia.